Maji Yanayovuja Shambani Yanakwenda kwa Nani?

Tangu Mto Ruaha Mkuu ulipokatika kwa mara ya kwanza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, Tanzania, mwaka 1993, mshitakiwa amekuwa yule yule: mkulima wa mpunga wa tambarare ya Usangu, juu ya hifadhi. Huambiwa kwamba anamwaga maji ovyo, kwamba mfereji wake wa udongo unavuja, kwamba majaruba yake yamefurika ilhali viboko huko chini wanabanana kwenye tope. Mashitaka haya hurudiwa karibu kila kiangazi. Kinachokosekana ni kipimo. Ni nani aliyepima, alipimia wapi, mwezi gani, na alipomaliza kupima aligawa nini kwa nini?

Swali hilo si la kuwaachia wahandisi peke yao. Jibu lake ndilo linaloamua nani afungiwe banio la kuchepushia maji, nani ahamishwe na mifugo yake, fedha za mkopo zijenge nini, na mchele uuzwe bei gani Mbeya, Iringa na Dar es Salaam. Duniani kote kilimo huchukua takriban asilimia 70 ya maji baridi yanayochotwa mitoni, maziwani na ardhini. Nchi ikikosea kupima matumizi ya shambani, hesabu yake yote ya maji imekwenda kombo.

Usangu ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu safari ya maji yake inajulikana hatua kwa hatua. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha Mkuu wenyewe hushuka kutoka Nyanda za Juu Kusini na kuingia tambarare, na hapo ndipo yalipo mabanio. Kuna mashamba makubwa yaliyoanzishwa na serikali: la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, na la Kapunga lililofuata baadaye, kila moja likiwa na takriban hekta 3,000. Kuna skimu ya Madibira ya wakulima wadogo. Na kuna mifereji mingi iliyochimbwa na wanavijiji wenyewe kwa jembe na sepetu. Eneo la mpunga hupanuka na kunywea kufuata mvua, kati ya hekta 20,000 na 40,000 hivi. Maji yanayobaki huingia katika ardhi oevu ya Ihefu, hutokea kwenye kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, hukatiza hifadhini, huingia Bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo ya hapo na ya Kidatu, kisha huungana na Rufiji, ambako sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Kipimo kilichozoeleka kwa mtiririko kama huu ni ufanisi wa umwagiliaji. Chukua maji yaliyotumiwa na mmea, yagawe kwa maji yaliyoingia banioni, zidisha kwa mia. Skimu ikichota lita 100 na mpunga ukatumia 30, ufanisi wake ni asilimia 30, na lita 70 huandikwa kwenye safu ya upotevu. Hesabu yenyewe haina kosa. Tatizo ni kwamba inaishia mpakani mwa shamba, na maji hayaishii hapo.

Sehemu ya zile lita 70 imepanda hewani kutoka kwenye maji yaliyotuama na udongo ulioloa. Hiyo imekwenda kweli. Lakini nyingine imepenya hadi kwenye maji ya ardhini, nyingine imepitia tuta lililobomoka na kuingia jaruba la jirani, nyingine imefuata mfereji wa kutolea maji na kurudi mtoni. Usangu wapo wakulima wanaolima mpunga kwa maji yanayotoka mashambani mwa wenzao. Kwa mkulima wa juu, maji hayo yamevuja. Kwa wa chini, ndiyo chakula cha mwaka. Ukimjengea wa juu mfereji wa zege usiopitisha hata tone, ufanisi wake utapanda kwenye ripoti, na wa chini atakosa msimu bila shida yake kuandikwa popote.

Halafu kuna maji ya nyumbani. Mifereji ya Usangu hupita katikati ya vijiji, na kiangazi, wakati majaruba yamekauka na mpunga umeshavunwa, watu huyategemea maji yale yale kwa kupikia, kufulia, kufyatulia matofali na kunyweshea ng'ombe. Kanuni inayohesabu mmea peke yake huyaingiza matumizi yote hayo kwenye upotevu. Mama anayejaza ndoo mferejini anaonekana kwenye hesabu kama tundu kwenye bomba.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji, IWMI, walilifanyia kazi bonde hili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walipoacha kupima shamba moja moja na kufuata maji kutoka banio la juu hadi mfereji wa mwisho, picha ilibadilika. Maji yaliyodhaniwa kupotea yalikuwa yanatumika tena na tena kabla ya kufika Ihefu. Mkulima mdogo, ambaye makaratasi yalimwonyesha kuwa mwanafunzi wa mwisho darasani, hakuwa mbaya kiasi hicho.

Ila wakati huo tayari fedha nyingi zilikuwa zimeshatumika kwa kufuata hesabu ya zamani. Mwaka 1996 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi uliounganisha usimamizi wa mabonde ya Rufiji na Pangani na uboreshaji wa umwagiliaji wa wakulima wadogo. Hoja yake ilivutia: mabanio ya miti, mawe na majani yanavuja, ufanisi ni mdogo mno, yajengwe ya zege yenye milango ya chuma, ufanisi utapanda, na maji yatakayookolewa yatateremka kwenda kuzalisha umeme. Mkulima apate, mto upate, taifa lipate.

Banio la kienyeji, pamoja na udhaifu wake wote, lilikuwa na tabia mbili ambazo hakuna aliyezipima. Mafuriko yakija makubwa, linabomoka, na mto unapita. Kiangazi mto ukipungua, linavuja, na wa chini anapata chochote. Banio la zege halibomoki wala halivuji. Limesanifiwa kuchukua kiasi kikubwa wakati wa mpunga, lakini mlango wake ukiachwa wazi Septemba linaweza kumeza karibu mto wote, maana mto wenyewe umebaki kijito. Bruce Lankford, mtafiti wa umwagiliaji aliyefanya kazi Usangu kwa miaka mingi, ameeleza kwa kina jinsi miundo hiyo ilivyowapa walio juu nguvu mpya ya kuchukua maji, wakati lengo lilikuwa kuyaachia. Kilichopimwa ni uvujaji wa banio. Kilichopaswa kupimwa ni maji yanayobaki mtoni baada ya banio.

Hapa ndipo msimu unapoingia, na bila msimu mjadala wote wa Ruaha unakuwa kelele. Watu wawili wenye malalamiko tofauti wamekuwa wakimshitaki mkulima mmoja. Mhifadhi anataka mto utiririke Oktoba, hata kama ni kidogo. Mzalishaji umeme anataka bwawa lijae Machi na Aprili, wakati mito ya Usangu inapofurika. Maji ya kwanza hupimwa kwa lita kwa sekunde, ya pili kwa mamilioni ya mita za ujazo. Mpunga mwingi wa Usangu hulimwa wakati wa mvua, na kile kidogo kinachochepushwa kiangazi hakiwezi kujaza wala kukausha bwawa la ukubwa wa Mtera. Uchunguzi uliofanyika Usangu kati ya 1998 na 2002 ulihitimisha kwamba mgawo wa umeme uliolisumbua taifa miaka ya 1990 haukuweza kubebeshwa wakulima wa bondeni, na ulielekeza kidole kwenye namna maji ya mabwawa yenyewe yalivyokuwa yakifunguliwa. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, bado husikika kwamba mpunga ndio uliozima taa.

Kwa upande wa mhifadhi, mkulima hana kinga. Utafiti ulioongozwa na Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine ulionyesha kwamba kati ya 1958 na 2004 maji yaliyoingia Ihefu katika miezi ya Julai hadi Novemba yalipungua kwa takriban asilimia 70, na sababu kuu ilikuwa uchepushaji wa mito kwa ajili ya kilimo. Utafiti huo ulikwenda mbele zaidi. Ili mita za ujazo 0.6 kwa sekunde zivuke kizingiti cha Ng'iriama wakati wa kiangazi, zinahitajika kama mita za ujazo 7 kwa sekunde ziingie Ihefu. Nyingine zote huishia kwenye ardhi oevu yenyewe, kwa jua, matete na nyasi. Takwimu hiyo moja ina uzito kuliko hotuba nyingi. Inaonyesha kwamba kuokoa lita chache kwenye mfereji wa kijiji hakutaonekana hifadhini hata kidogo, kwa sababu kati ya kijiji na hifadhi kuna Ihefu yenye kiu yake. Kama nchi inautaka mto Oktoba, lazima ifunge sehemu kubwa ya mabanio kiangazi na iwape wanavijiji visima na mabomba ya maji ya nyumbani ili mfereji usiwe tegemeo lao. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kumfundisha mkulima kulima vizuri mwezi wa Februari.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi, akiwa London, kwamba Ruaha Mkuu ungerudi kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji waliamriwa kuondoka Usangu na Ihefu pamoja na makundi ya ng'ombe wao. Mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika hifadhi. Ahadi ilikuwa ya dhati na gharama waliyobeba watu ilikuwa kubwa, lakini 2010 ilipita na mto ukaendelea kukatika. Familia zilihamishwa kabla nchi haijaweza kuonyesha hadharani, kwa namba, kila mtumiaji alichukua kiasi gani na mwezi gani. Hilo linauma, na linapaswa kuwauma wanaopanga leo.

Je, kuna kipimo kilicho bora? Kinachopendwa zaidi na wataalamu wa mazao ni tija ya maji, yaani kilo za mavuno kwa kila mita moja ya ujazo. Mkulima yeyote anaweza kuifuata hesabu yake. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, ambazo ni lita 10,000. Tuseme ekari moja ya mpunga imepokea milimita 1,000 kwa msimu, mvua na mfereji kwa pamoja. Hizo ni mita za ujazo zipatazo 4,050. Ikitoa kilo 1,600, kila mita imezaa gramu 400 hivi. Kwa maneno mengine, kilo moja ya mpunga imekunywa lita 2,500. Ekari hiyo hiyo ikitoa kilo 2,400 kwa milimita 750, kila mita imezaa karibu gramu 800. Tija imeongezeka maradufu, na zaidi ya nusu ya kazi hiyo imefanywa na mavuno. Wanaozungumzia maji mara nyingi hulisahau hilo: mbegu bora, palizi ya mapema na mbolea kwa wakati navyo huokoa maji.

Mpunga umepata njia yake ya kufika huko. Kilimo shadidi, kilichobuniwa Madagascar miaka ya 1980 na padri wa Kijesuiti, Henri de Laulanié, kinataka miche michanga ipandwe mmoja mmoja kwa nafasi, shamba lipaliliwe mara kwa mara, na maji yaingizwe na kukaushwa kwa zamu badala ya kutuama muda wote. Nchini Kenya, Profesa Bancy Mati wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta alianza kukieneza katika skimu ya Mwea mwaka 2009, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaolea mchele maarufu wa pishori. Mkindo, mkoani Morogoro, nako wakulima na watafiti wa Sokoine wamekijaribu. Katika sehemu zote mbili matumizi ya maji yalipungua na mavuno yakapanda.

Kwa nini basi bado majaruba mengi yanajazwa maji mpaka juu? Wengi hujibu haraka kwamba mkulima ni mgumu kuelimika. Jibu hilo ni la uvivu. Ili mtu akubali kukausha jaruba lake siku kadhaa, sharti awe na hakika kwamba zamu yake ijayo itafika. Aliye karibu na banio anayo hakika hiyo. Aliye mwisho wa mfereji hana. Leo maji yamefika, wiki ijayo huenda wa juu wakayazuia yote. Kwake, jaruba lililojaa ni akiba dhidi ya jirani. Mwezi Oktoba 2022 Kenya ilizindua Bwawa la Thiba, lenye mita za ujazo milioni 15.6, ili Mwea ipate maji ya uhakika na kulima zaidi ya mara moja kwa mwaka. Faida yake haitapimika kwa ujazo tu. Ikiwa wakulima wa mwisho wa mifereji wataanza kuiamini ratiba, watathubutu kukausha majaruba yao, na hapo kilimo shadidi kitaenea chenyewe.

Tija ya maji nayo ina mtego. Mkulima anapopata mavuno mengi kwa maji machache, hana sababu ya kuyaacha yaliyobaki yateremke, anaongeza ekari. Nani angemlaumu? Jimbo la Kansas, Marekani, liliwasaidia wakulima kwa ruzuku kununua mitambo inayodondosha maji karibu na udongo ili upepo na jua visiyachukue. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulikuta kwamba uchotaji wa maji ya ardhini uliongezeka, kwa sababu wakulima walihamia mazao yenye kiu zaidi na kumwagilia eneo kubwa zaidi. Morocco, iliyotoa ruzuku kubwa kwa umwagiliaji wa matone chini ya mpango wake wa kilimo wa 2008, imekutana na jambo hilo hilo kwenye visima vinavyozidi kuwa virefu. Mwaka 2018 kundi la wataalamu wakiongozwa na Quentin Grafton liliandika katika jarida la Science kwamba kupandisha ufanisi wa shamba mara chache huongeza maji ya bonde, isipokuwa pale panapokuwa na hesabu kamili ya maji na kikomo cha uchotaji. Usangu ilikuwa imeshaonyesha hayo miaka mingi kabla, kwa gharama ya watu wake.

Kuna pia kipimo kinachotumiwa katika Malengo ya Maendeleo Endelevu: thamani ya uchumi, kwa dola, kwa kila mita ya ujazo ya maji. Kwa mizani hiyo kiwanda cha bia kitamshinda mkulima wa mpunga kila siku, na maua ya Naivasha yatakishinda chakula cha Mwea. Nchi inayofuata namba hiyo bila kufikiri itajikuta inahamisha maji kutoka kwenye sahani za wananchi wake ili takwimu ipendeze. Dola kwa mita ni taarifa ya kiuchumi yenye manufaa yake. Haifai kuwa hakimu wa nani anyimwe maji.

Mambo yaliyoleta matumaini zaidi hayakutoka kwenye mikutano ya takwimu. Yalitoka kwenye mashamba ya Kiwere, nje kidogo ya mji wa Iringa, ambako wakulima hulima mboga na mahindi kwa maji ya Ruaha Mdogo. Kuanzia 2013, mradi wa utafiti uliofadhiliwa na Australia, uliozihusisha pia Msumbiji na Zimbabwe, uliwapelekea wakulima vifaa viwili rahisi vilivyobuniwa na mwanasayansi Richard Stirzaker. Kimoja kinaitwa Chameleon, yaani kinyonga: vihisio huzikwa kwenye vina tofauti vya udongo, na msomaji wake huwaka taa ya bluu udongo ukiwa na maji ya kutosha, ya kijani ukiwa wastani, na nyekundu ukiwa mkavu. Kingine huzikwa ardhini na kuonyesha maji yamepenya hadi wapi, na maji yaliyonaswa ndani yake hupimwa kujua yamebeba mbolea kiasi gani.

Wakulima waliona bluu, na tena bluu, siku ambayo zamu yao ilikuwa imefika na wao wakijiandaa kufungulia. Kumbe mizizi ilikuwa na maji tele. Kilichowashtua zaidi ni kile kifaa cha pili: maji ya ziada yalikuwa yanaisukuma mbolea waliyoinunua kwa fedha zao chini ya mizizi, mahali ambapo hakuna nyanya wala hindi lingeweza kuifikia. Wakapunguza idadi ya kumwagilia na muda wa kila zamu. Mavuno hayakushuka, yaliongezeka. Ugomvi wa maji ukapungua, kwa sababu wa mwisho wa mfereji walianza kupata, na muda uliokuwa unapotea kungojea zamu ukaenda kwenye palizi na biashara ndogo ndogo.

Kiwere inastahili kutazamwa kwa makini na kila anayepanga umwagiliaji Afrika Mashariki. Hakuna zege lililomwagwa kupata matokeo hayo. Mkulima alipewa uwezo wa kuona kilichomo ardhini mwake, na kipimo kikawa chake; hakikuwa cha ofisa anayekuja na daftari na kuondoka nalo. Ni kweli kwamba swali la kikomo bado lipo hata pale, kwani maji yaliyookolewa Kiwere yanaweza kuchukuliwa na shamba jipya kabla hayajafika popote. Lakini kikomo kinachowekwa na watu wanaojua wanatumia kiasi gani kina nafasi kubwa ya kuheshimiwa kuliko kile kinachoshushwa kutoka juu.

Angani nako kuna msaada. Tangu 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limeweka wazi hifadhidata iitwayo WaPOR, inayotumia picha za setilaiti kukadiria maji yanayopanda hewani kutoka mimeani na udongoni kote Afrika, kila siku kumi. Uzuri wake ni kwamba inapima yale maji yasiyorudi. Mfereji unaovuja na kumlisha jirani haupewi adhabu. Shamba linalochukua maji na kuyapeleka yote hewani linaonekana. Isitumike peke yake, kwa kuwa setilaiti haijui mlango wa banio uko wazi au umefungwa, wala haimwoni mama mwenye ndoo. Lakini ofisi ya bonde iliyo na takwimu hizi na vipimo vya mtoni kwa pamoja inaweza, kwa mara ya kwanza, kuandika mizania ya maji inayoeleweka.

Sheria haina budi kusogea pia. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, mtumiaji wa maji Tanzania hupewa kibali kinachotaja kiasi, mara nyingi kwa lita kwa sekunde. Mto hausomi kibali. Machi unaweza kubeba zaidi ya jumla ya vibali vyote. Oktoba hauikaribii jumla hiyo. Kibali cha kiasi kisichobadilika kinampa aliye juu haki ya kisheria ya kuchukua kiangazi maji yaliyohesabiwa kwa ajili ya masika. Busara ya kugawana kwa sehemu, nusu kwa nusu au theluthi moja kwa theluthi mbili, ilikuwapo kabla ya ofisi. Wapare walijenga ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila mwenye zamu akijua fungu lake. Wachaga waliichimba na kuitunza mifongo ya Kilimanjaro kwa koo na zamu. Kibali kinachosema "theluthi ya mto unaopita banioni kwako" kingewafaa wakulima wa Usangu kuliko kinachosema "lita 300 kwa sekunde" mahali ambapo hakuna hata rula ya kupimia.

Lankford na wenzake walikuwa na njia ya kulileta jambo hili mbele ya watu. Walitengeneza ubao uliolazwa kwa mteremko, wenye mfereji mmoja mkuu kama mto na vijia pembeni. Gololi ndiyo maji, vijiti ndiyo mabanio. Wakulima wa juu na wa chini walikaa kuuzunguka ubao mmoja, wakatega vijiti vyao, gololi zikamwagwa. Katika raundi za kwanza wa juu walijaza vijia vyao, na mwisho wa ubao hapakufika kitu. Baada ya hapo walianza kujadiliana juu ya kijiti cha nani kipunguzwe na kwa kiasi gani, na mazungumzo hayo yakawa ya mto halisi. Watu wasiowahi kuona jedwali la maji walipima mgao wao kwa kuhesabu gololi.

Serikali inaendelea kujenga skimu na mabwawa kwa kasi kupitia Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, na nchi yenye mvua zisizotabirika inayahitaji. Hatari ni kuyajenga kwa hesabu ya 1996. Kila banio linalojengwa au kukarabatiwa lijengwe na kipimo cha maji yanayoingia mferejini na kingine cha maji yanayobaki mtoni, vyote vikisomwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo na matokeo yake kubandikwa ubaoni kijijini kila wiki. Kila mradi unaodai utaokoa maji uandike kabla ya kuanza ni nani aliyekuwa akiyatumia hayo yanayoitwa upotevu, utafidia vipi, na ekari ngapi hazitaongezwa. Vijiji vinavyokunywa mferejini vichimbiwe visima kabla ya mabanio kufungwa kiangazi, si baada. Na katika bajeti ya kila skimu mpya kuwe na fungu la vifaa kama vya Kiwere kwa wakulima wenyewe, likianzia kwa wale wa mwisho wa mfereji.